Maswali ya Wasomaji: Eti lile ghorofa la New York lenye miguu katikati lilikuwa lianguke?

SWALI (msomaji wa Kariakoo, Dar es Salaam): Habari za kazi kaka. Mimi ofisi yetu iko ghorofa ya tisa hapa Kariakoo na toka lile jengo lianguke Novemba 2024 sina raha, upepo ukivuma kidogo tu nahisi tunayumba. Sasa mpwa wangu yuko Marekani katuma picha kwenye grupu la familia, jengo refu kwelikweli halafu chini limesimama kwenye miguu minne na hiyo miguu haiko kwenye kona, iko katikati ya kila upande, kona zote zinaning'inia hewani. Anasema hilo jengo lilikuwa lianguke na mafundi wakawa wanachomelea vyuma usiku kwa siri wenye ofisi wakiwa hawajui kitu. Mimi nikamwambia hizo ni za mtandaoni. Ni kweli?

JIBU: Ni kweli kaka, na mpwa wako hajaongeza chumvi. Mwombe radhi.

Jengo lenyewe liko Manhattan, barabara ya Lexington Avenue kati ya mtaa wa 53 na wa 54. Lilifunguliwa Oktoba 1977, makao makuu ya benki ya Citicorp, ndo maana likaitwa Citicorp Center. Lina ghorofa 59 na urefu wa mita 279, na juu paa limekatwa mshazari kama mhogo uliokatwa kwa kisu cha kulaza, ukiwa mbali unalitambua kwa hilo paa.

Hiyo miguu ilikuja kwa sababu ya kanisa. Pale kwenye kona moja ya kiwanja palikuwa na kanisa la Kilutheri la St. Peter's, la siku nyingi, na benki inataka eneo lote. Washarika hawakutaka kuondoka pale, wakakubali kuuza kwa dola milioni 9 lakini wakaweka sharti, kanisa jipya lijengwe kwenye kona ileile, lisimame lenyewe, na nguzo ya ghorofa isipite ndani yake. Mimi nawaheshimu sana watu wale, maana sote tunajua misikiti na makanisa na hata makaburi yanavyohamishwa pesa kubwa ikiingia mjini.

Sasa ukiambiwa kona usiiguse, nguzo utaziweka wapi? Mchoraji wa jengo alikuwa Hugh Stubbins na injinia wa nguzo na vyuma alikuwa William LeMessurier, na huyu LeMessurier ndo alipata lile wazo, akazitoa nguzo kwenye kona akazipeleka katikati ya kila upande, nguzo nne zenye urefu wa mita 35 hivi, yaani ghorofa tisa nzima za uwazi, na kanisa likakaa pale chini ya kona inayoning'inia. Halafu uzito wa ghorofa zote za juu unaufikishaje kwenye miguu ya katikati? Akaweka ndani ya kuta vyuma vya mshazari, vinafanya umbo la V kubwa mno, V moja inakula ghorofa nane, zimepangwa moja juu ya nyingine toka chini hadi juu kwenye kila upande, zinaokota uzito kwenye kona na kuuteremsha katikati mpaka kwenye mguu. Kwa nje huzioni, zimefunikwa na alumini na vioo. Ilikuwa kazi ya akili nyingi na hata leo mainjinia wanaisifia.

Na kwa sababu vyuma vilipangwa vizuri hivyo jengo likawa jepesi kuliko majengo mengine ya urefu ule, na jengo jepesi linayumba, kwa hiyo kule juu kabisa wakaweka bonge la zege la tani kama 400 linaloelea kwenye mafuta. Jengo likisukumwa upande huu lile bonge linachelewa, linalivuta kurudi, mtikisiko unapungua. Ila lile bonge linataka umeme ndo lifanye kazi. Hilo la umeme liweke akilini.

Sasa tatizo. Katikati ya 1978 jengo limeshafunguliwa na watu wanafanya kazi humo, LeMessurier akapigiwa simu na mwanafunzi anayemuuliza kuhusu hizo nguzo za katikati. Akamweleza vizuri tu kwamba jengo liko salama. Ila akiwa anajiandaa kufundisha jambo hilohilo darasani akaamua kupiga hesabu ambayo mwanzo haikupewa uzito, ya upepo unaokuja kwa pembe. Kwa kawaida jengo lenye nguzo kwenye kona hesabu kubwa ni ya upepo unaopiga uso mmoja moja kwa moja, na sheria za ujenzi za New York wakati ule zilitaka hiyo tu. Lakini upepo ukija kwenye kona unasukuma nyuso mbili kwa mpigo, na kwa jengo hili zile V zinapokea toka pande zote mbili, kuna vyuma vinapumzika na vingine vinabeba vya wenzake. Akakuta nusu ya vile vyuma vinaelemewa zaidi kwa asilimia 40.

Asilimia 40 peke yake labda angelala usingizi. Kilichomuamsha ni maungio. Yeye kwenye michoro yake alitaka vyuma vichomelewe, kumbe wakati wa kujenga ilikubaliwa vifungwe kwa bolti, ni nafuu zaidi, na ofisi yake ya New York ikapitisha bila yeye kujua. Baba yangu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha kule Mwananyamala na toka niko mdogo alikuwa ananionyesha, chuma kilichochomelewa kikashika sawasawa kinakuwa kipande kimoja, ukikivuta kitakatikia kwingine sio pale, lakini bolti nguvu yake ni ile ya bolti zilizopo, ukiweka nne una nne. Hapa hakuna aliyefanya dhambi, bolti zinatumika dunia nzima, ila idadi ya bolti ilipigiwa hesabu ya upepo wa uso mmoja.

Na hapa naomba usome taratibu maana ndo penyewe. Uzito wa jengo unakandamiza yale maungio, upepo unayavuta. Bolti zinabeba ile tofauti tu. Tuchukue namba za mfano, uzito unakandamiza kwa 75 na upepo unavuta kwa 100, basi bolti zinabeba 25. Sasa upepo ukiongezeka asilimia 40 tu unakuwa 140, uzito wa jengo haujabadilika uko palepale 75, toa utapata 65. Bolti zilizopangiwa 25 sasa zinabeba 65! Hiyo ni nyongeza ya asilimia 160, na ndio hesabu aliyoipata LeMessurier mwenyewe kwenye maungio yale. Akaenda Canada kwa Alan Davenport, mtaalamu wa upepo wa chuo cha Western Ontario aliyekuwa amepima mfano wa jengo hilo kabla halijajengwa, na majibu hayakumpa nafuu. Ungio dhaifu kuliko yote lilikuwa ghorofa ya 30, na dhoruba ya kulivunja, kama umeme utakatika na lile bonge la zege lisimame, ni dhoruba ambayo New York inaipata kwa wastani mara moja kila miaka 16. Na dhoruba kubwa na kukatika umeme ni ndugu, hilo sisi hatuhitaji kuambiwa na mtu.

LeMessurier akaenda kukaa peke yake kwenye nyumba yake kisiwani, ziwa moja la jimbo la Maine, mwisho wa Julai. Alikuja kusimulia mwenyewe miaka mingi baadaye kwamba njia alizoziona ni tatu, anyamaze, ajiue, au aseme. Akasema. Aliwaambia mawakili, kampuni ya bima, Stubbins, halafu benki yenyewe hadi mwenyekiti wake Walter Wriston. Mtu uliyejengewa heshima ya maisha yako yote na jengo moja, unaenda ofisini kwa mwenye jengo unamwambia nimekosea linaweza kuanguka, mimi kila nikifika hapa kwenye hii habari nasimama kidogo.

Ukarabati ukaanza Agosti. Maseremala wanajenga vibanda vya plaiwudi ndani ya ofisi kuzunguka kila ungio, na wafanyakazi wakishaondoka wanaingia mafundi wa kuchomelea, saa 2 usiku mpaka saa 10 alfajiri, wanabandika juu ya kila ungio bamba la chuma nene la inchi 2, urefu futi 6, wanachomelea. Maungio yalikuwa zaidi ya 200. Kabla makarani hawajarudi asubuhi usafi umeshafanyika. Pembeni kukawa na wataalamu wa hali ya hewa wanaoangalia upepo muda wote na mpango wa kuhamisha watu wa mitaa ya jirani ukaandaliwa na Msalaba Mwekundu, kimyakimya.

Kisha tarehe 1 Septemba ikaja habari ya kimbunga Ella kiko baharini kinaelekea pwani ile. Kazi imefika kati tu. Kikageuka kikaenda zake bahari kuu. Mafundi wakaendelea hadi Oktoba, na walipomaliza jengo likawa na uwezo wa kuhimili dhoruba ya mara moja kwa miaka 700 hata bila umeme. Lipo mpaka leo.

SWALI (mwanafunzi wa uhandisi ujenzi, Mbeya): Shikamoo mzee. Sisi darasani mwalimu aligusia hili jengo akasema kosa liligunduliwa na mwanafunzi, lakini hakumtaja jina. Ni nani? Na je kama angekuwa ni mwanafunzi wa huku angesikilizwa?

JIBU: Marahaba binti yangu. Wapo wawili na wote wana haki ya kutajwa. Wa kwanza ni Diane Hartley, alikuwa anamaliza chuo Princeton mwaka 1978 na tasnifu yake ilikuwa juu ya jengo hili. Akapiga hesabu ya upepo wa pembe akaona msongo unapanda, akauliza kwenye ofisi ya LeMessurier pale New York akajibiwa na injinia wa kule kwamba jengo liko sawa. Akaandika alichoambiwa, akahitimu, akaendelea na maisha. Yeye na LeMessurier hawakuwahi kuongea, na alikuja kujua kilichotokea miaka mingi baadaye alipoona kipindi cha televisheni. Wa pili ni Lee DeCarolis, naye alikuwa mwanafunzi huko New Jersey, akajitokeza 2011 kusema yeye ndo alimpigia simu LeMessurier. LeMessurier enzi za uhai wake alikumbuka kijana wa kiume, sasa wewe unganisha mwenyewe.

Cha kukufaa wewe ni hiki. Hartley hakuwa na kifaa chochote ambacho wewe huna, tena wewe una kompyuta, yeye alikaa na karatasi akauliza swali la kawaida kabisa, na je upepo ukija hivi? Alipojibiwa kwa kujiamini na mtu mzima mwenye kazi yake alikubali, na simlaumu hata kidogo, kwa umri ule na mbele ya ofisi ile mimi pia ningekubali. Ila ukija kuwa wewe ndio injinia mkuu halafu mwanafunzi akakupigia simu, kumbuka kwamba aliyeokoa jengo lile ni mzee aliyerudi mezani kupiga hesabu upya baada ya kumjibu kijana kwa maringo kwamba kila kitu kiko sawa.

Kuhusu huku, sitakudanganya, inategemea unamuuliza nani. Nimeshaona kijana wa mafunzo kwa vitendo akisema kwenye saiti kwamba nondo za boriti sio zilizo kwenye mchoro akaambiwa akachote maji. Na nimeshaona msimamizi mwingine akisimamisha umwagaji zege, magari ya zege yamepanga foleni, kwa sababu kijana kama wewe aliuliza. Muombe Mungu akukutanishe na wa pili.

Halafu usome na upande wa pili wa habari. Mwaka 2019 watafiti wa taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani walichapisha hesabu mpya wakitumia data za siku hizi za upepo, na kwa jengo la umbo hili wakapata kwamba upepo wa pembe hauzidi ule wa uso kama ilivyodhaniwa 1978. Wengine wakishasikia hivyo wanasema basi LeMessurier alihangaika bure, mimi siafiki. Mwaka 1978 alikuwa na vipimo vya 1978 na vilimwambia bolti hazitoshi, na watu maelfu wako humo ndani. Injinia anaamua kwa alichonacho mkononi.

SWALI (msomaji wa Likoni, Mombasa): Nimesoma kuhusu jengo hilo na kinachoniuma ni kwamba watu waliofanya kazi humo na majirani hawakuambiwa. Wewe unaona walifanya vema kuficha? Mbona wote mnamsifu huyo injinia?

JIBU: Ndugu yangu hapo umepiga kwenyewe. Hapana, sioni kama walifanya vema.

Kilichotokea ni hivi. Benki ilitoa taarifa fupi kwamba mainjinia wameshauri baadhi ya maungio yaongezewe nguvu, maneno ya kawaida yasiyomtisha mtu. Maafisa wa jiji waliambiwa ukweli na wakakubali kukaa nao kimya. Waandishi walianza kunusa, lakini tarehe 10 Agosti magazeti makubwa ya New York yakaingia kwenye mgomo uliodumu karibu miezi mitatu, kwa hiyo hakukuwa na gazeti la kuandika. Kukapita miaka 17. Mwaka 1995 ndo jarida moja la pale lilitoa habari nzima na LeMessurier akaanza kusimulia hadharani, vyuoni wakaanza kumfundisha kama mfano wa uadilifu.

Wanaotetea siri wanasema kungekuwa na taharuki, watu wangekanyagana, na kazi ingekwama. Naielewa hoja. Lakini fikiria karani anayeingia kila asubuhi saa 3, anaweka mkoba, nyuma ya mgongo wake kuna kibanda cha plaiwudi kinanuka moshi wa kuchomelea, anaambiwa ni matengenezo. Mwezi wa Septemba, msimu wa vimbunga. Yule karani ana watoto. Alikuwa na haki ya kuambiwa ili aamue mwenyewe kama aje kazini siku ya upepo au asije, na haki hiyo walijichukulia watu wachache vyumbani kwamba wao watamwamulia. Jengo halikuanguka, alhamdulillahi, lakini kama Ella kisingegeuka tungekuwa tunaongea mengine leo.

Na kuna hasara nyingine ambayo watu hawaizungumzii, mainjinia wengine duniani waliokuwa wanachora majengo kati ya 1978 na 1995 walinyimwa somo hilo. Kwa hiyo mimi namsifu LeMessurier kwa kumwambia mwenye jengo, hilo alilifanya akijua linaweza kummaliza. Kwa kuwanyamazia waliokuwa ndani simsifu. Alifariki 2007.

SWALI (msomaji wa Muscat): Asalaam aleykum. Naenda New York mwezi ujao kwa shughuli, hilo jengo bado linaitwa hivyohivyo nikiliulizia? Na kanisa bado lipo?

JIBU: Waaleykum salaam. Usiulizie Citicorp, waliliita baadaye Citigroup Center na sasa linajulikana kwa anwani yake tu, 601 Lexington Avenue. Treni ya chini ya ardhi inakushusha hapohapo, kituo cha Lexington Avenue na mtaa wa 53. Tangu Desemba 2016 linalindwa na jiji kama jengo la kumbukumbu, si rahisi mtu kulibadilisha sura. Kanisa lipo, dogo, la mawe, lina umbo lake peke yake chini ya ile kona, na wana desturi ya siku nyingi ya muziki wa jazi kwenye ibada. Kasimame pale kwenye ngazi utazame juu, utaelewa sharti la wale washarika kuliko nilivyoandika mimi.

SWALI (yule yule wa Kariakoo, aliniandikia tena baada ya kumjibu kwa simu): Sawa kaka nimekuelewa. Sasa mimi wa ghorofa ya tisa nifanyeje? Nitajuaje langu?

JIBU: Kwanza upepo uondoe kichwani. Lile ghorofa la mtaa wa Indira Gandhi lililoanguka Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013 likaua watu 36 halikuangushwa na upepo, lilikuwa bado linajengwa na lilikuwa limepandishwa ghorofa zaidi ya zilizoruhusiwa. Kwetu huku angalia chini na angalia ndani. Je kuna mtu anachimba chini ya jengo au kiwanja cha jirani kutafuta nafasi ya stoo au maduka? Je mpangaji wa chini kabomoa ukuta au kachonga nguzo apanue duka? Je wameongeza ghorofa juu ya jengo la zamani? Angalia nyufa za mshazari kwenye nguzo na boriti zenyewe, sio zile nyuzi nyembamba za plasta, na mlango uliokuwa unafunga vizuri ukaanza kugoma ghafla usiuchukulie kawaida. Ukiona ufa piga picha uweke na tarehe, wiki ijayo piga tena palepale na sarafu pembeni ili uone kama unatanuka. Ukitanuka toka, uwatoe na wenzako, halafu ndio mpige simu.

Pili, muulize msimamizi wa jengo, kwa maandishi, injinia aliyelisimamia ni nani na limekaguliwa lini mara ya mwisho. Jina ukilipata ulinganishe na orodha ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na wale wa wabunifu majengo na wakandarasi nao wana bodi zao. Ni haki yako kuuliza, unalipa kodi ya pango pale kila mwezi. Wenzako wa ghorofa nyingine wasaini pamoja na wewe, barua ya mtu mmoja wanaipoteza, ya wapangaji ishirini inafika.

Msimamizi akikujibu, au akikataa kukujibu, niandikie.